Kutoka Tegeta hadi Posta kwa gari: mwongozo kamili wa kupanga safari ya mjini

Hapa Dar es Salaam, kutoka Tegeta hadi Posta ni kama kilomita 23. Tegeta mpaka Mwenge ni 12.9, Mwenge mpaka Morocco ni 4.3, na zilizobaki zinakupitisha daraja la Salenda hadi katikati ya jiji. Mtu wa Dodoma ukimtajia umbali huo atakwambia ni nusu saa tu. Alfajiri ya Jumapili hakosei sana. Lakini Jumatatu moja niliondoka nyumbani saa 12:40 asubuhi, nikafika Upanga saa 2:50, mama yangu akiwa kiti cha nyuma na kadi yake ya kliniki mapajani. Alitakiwa awe pale saa 2 kamili. Tulimkuta muuguzi anakusanya mafaili ya waliokwisha kuitwa.

Tangu siku hiyo safari ya mjini siipimi kwa kilomita. Naipima kwa saa ya kutoka. Nimeandika haya kwa ajili ya anayekaa Tegeta, Wazo, Madale, Boko au Bunju, ambaye haendi mjini kila siku lakini akienda ana jambo la kweli: mgonjwa, usaili, boti ya Zanzibar, treni ya SGR, kesi mahakamani. Anayeshuka mjini kila siku barabara imeshamfundisha.

Hatua ya kwanza: anzia saa ya kufika, hesabu kurudi nyuma

Chukua karatasi usiku wa kuamkia safari. Andika saa unayotakiwa kuwa umekaa mahali husika. Hiyo ni tofauti na saa ya kuingia getini, na ni tofauti kabisa na saa ya kufika mjini. Mgonjwa wa saa 2 asubuhi anatakiwa awe dirishani saa 1:30, maana kuna foleni ya kadi na foleni ya kupima presha. Toa dakika 20 za kutafuta maegesho na kutembea polepole na mtu mzima, unabaki na saa 1:10. Sasa toa muda wa barabarani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatoa dakika 45 kwa sababu mara ya mwisho walipita Jumamosi jioni. Siku ya kazi, kwa gari langu, kutoka Tegeta Kibaoni hadi Upanga huwa hivi: nikitoka saa 11 alfajiri natumia kama dakika 45. Nikitoka saa 11:45 natumia saa nzima na zaidi. Nikitoka saa 12:30 asubuhi, saa moja na nusu ni bahati, na saa mbili si ajabu. Yaani ukichelewa kutoka kwa nusu saa, hufiki nyuma kwa nusu saa. Unafika nyuma kwa saa nzima. Magari ya watoto wa shule, daladala za wafanyakazi na malori yanayotoka upande wa Bagamoyo yote huingia barabarani ndani ya dakika zilezile.

Kwa mgonjwa wa saa 2, basi, mimi hutoka saa 11 alfajiri. Nikiwahi, tunakaa ndani ya gari, mama anakunywa chai ya chupa, anasali, anapumzika. Presha yake siku hizo husomeka vizuri, na daktari amewahi kuuliza tumebadilisha nini.

Kama jambo lako halina saa maalumu, liweke kati ya saa 4 na saa 7 mchana. Toka nyumbani saa 3:30, uanze kurudi kabla ya saa 9. Ijumaa kumbuka sala: kuanzia saa 6:30 hadi karibu saa 8 mitaa yenye misikiti mikubwa, hasa Kariakoo na maeneo ya katikati, hujaa magari yaliyoegeshwa pembezoni na watu wanaotembea kwa miguu. Mwisho wa mwezi ongeza nusu saa. Wiki ya kufungua shule ongeza nusu saa nyingine.

Wa boti na wa treni nawasisitizia kwa namna ya pekee. Daktari anaweza kukusamehe, boti haikusubiri. Hesabu yako ifanye kwa siku mbaya, usiifanye kwa siku nzuri.

Hatua ya pili: liandae gari usiku, si asubuhi

Asubuhi kuna giza, una haraka, na injini ikishawaka huwezi tena kufungua rejeta. Fanya haya jioni gari likiwa limepoa.

Anza na maji ya rejeta. Foleni ya Dar inaua magari kwa joto kuliko kwa mwendo. Gari likitembea, upepo unaipoza rejeta. Likisimama dakika 15 kwenye mataa, jua limewaka na kiyoyozi kinafanya kazi, linabaki linategemea feni peke yake. Siku ile ya kliniki, pale Makumbusho niliona mshale wa joto umetoka katikati, umepanda upana wa kidole. Nikazima kiyoyozi. Ukapanda kidole kingine. Nikatoka pembeni, nikafungua boneti, nikakuta tenki dogo la akiba limekauka hata unyevu hakuna. Fundi aliyekuwa chini ya mti upande wa pili alivuka barabara akiwa na tambara mkononi, akaniambia, "Kaka, usiguse mfuniko huo. Zima gari, mama ashuke akae kivulini." Tulisubiri karibu nusu saa. Kisha akauzungusha mfuniko kwa tambara, robo tu, mvuke ukatoka kwa mlio, akasubiri tena, ndipo akamalizia kufungua na kumimina maji kidogokidogo injini ikiwa inaunguruma taratibu. Aliniambia maji baridi yakimwagwa kwa mkupuo kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi. Nusu saa ile ndiyo iliyotuchelewesha, na lita moja ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, jioni iliyotangulia ingetosha kuizuia.

Kwa hiyo: maji au kulanti mpaka kwenye mstari, oili kwa kuchomoa kijiti chake, upepo wa tairi nne na spea taya. Spea isiyo na upepo ni mzigo tu. Hakikisha jeki na wili spana vipo ndani ya gari, maana mara nyingi huazimwa na jirani visirudi. Washa taa zote, mtu asimame nyuma akuambie kama taa za breki zinawaka. Wipa zijaribu hata kama ni kiangazi.

Mafuta jaza jioni pia. Sheli za barabara ya Bagamoyo asubuhi zina foleni zake, na kutoka sheli kurudi kwenye msururu wa magari ni kazi nyingine. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo kama safari yako inaangukia siku hizo, angalia bei kabla.

Nyaraka

Leseni iliyo hai, bima iliyo hai, stika ya usalama barabarani, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na muda. Kabla ya kulala ingiza namba ya gari yako kwenye mfumo wa polisi uone kama unadaiwa faini. Kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000, na deni la zamani ambalo hukulijua linaweza kukusimamisha pembeni siku ambayo huna hata dakika moja ya ziada.

Hatua ya tatu: chagua njia kwa kuangalia unakoishia

"Mjini" ni neno pana. Muhimbili, Kariakoo, Kivukoni na Stesheni vyote ni mjini, lakini kila kimoja kina njia yake kutoka Tegeta.

Mgongo wa safari ni ule ule: Barabara ya Bagamoyo, Mtongani, Africana, Makonde, Tangi Bovu, Lugalo, Mwenge. Barabara hii iko pia kwenye awamu ya nne ya mradi wa mabasi ya mwendokasi, kwa hiyo palipo na ujenzi njia hubanwa na michepuko hubadilishwa. Mchepuko uliopita mwezi jana usiutegemee. Fungua ramani ya simu kabla ya kuwasha gari, na kama kuna jamaa anayepita kila siku, mpigie usiku. Ramani inaona foleni ilipo sasa. Jamaa anajua itakapokuwa saa 12:15.

Ukienda Upanga au Muhimbili, nyoosha: Mwenge, Makumbusho, Morocco, Salenda. Ukishavuka daraja la Salenda, shika kulia Barabara ya Umoja wa Mataifa, inayokatiza Upanga kuelekea Faya. Kaa kwenye njia ya kulia mapema, kabla ya daraja. Ukichelewa, hakuna atakayekupisha, utajikuta umesukumwa hadi Palm Beach.

Ukienda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Kivukoni, kwenye pantoni au kwenye boti, kwa maoni yangu hakuna njia inayoishinda Daraja la Tanzanite. Kutoka Morocco endelea kidogo, ingia Namanga ya Kinondoni, pita Oysterbay utokee Coco Beach, panda daraja. Lina urefu wa kilomita 1.03, lilianza kupitisha magari mwaka 2022, na linakushusha karibu na Aga Khan. Hapo unafuata bahari, Barabara ya Barack Obama, hadi Kivukoni. Kabla halijajengwa wote tulibanana Salenda. Anayekumbuka Salenda ya miaka hiyo akipita pale juu, maji kushoto na kulia, lazima ashukuru. Ila usisimame darajani kupiga picha.

Njia ya zamani ni mbadala mzuri kama Mwenge imesimama. Pale Lugalo kata kushoto uingie Kawe, ufuate Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wengi bado tunaiita Old Bagamoyo: Mikocheni, kwa Nyerere, hadi Morocco. Ni nyembamba, ina vituo vya daladala visivyo na nafasi ya kutosha, na gari moja bovu linaifunga yote. Mimi huitumia kabla ya saa 12:30 asubuhi. Baada ya hapo nayo hujaa, na utakuwa umezunguka bure.

Kariakoo ni habari tofauti. Gari lako Kariakoo ni tatizo kuanzia unapoingia: mikokoteni, guta, malori yanayoshusha mzigo, mitaa ya njia moja, na pa kuegesha hapapatikani. Kama una ndugu Kinondoni mwenye uwanja, egesha kwake, panda mwendokasi kituo cha Morocco kwenda Gerezani. Basi lina njia yake, na mzigo mdogo unarudi nao mkononi. Ukilazimika kwenda na gari, shika Kawawa kutoka Morocco, Mkwajuni, Magomeni, kisha Barabara ya Morogoro hadi Faya, na uwe umeingia kabla ya saa 1:30 asubuhi.

Anayekwenda uwanja wa ndege asiingie mjini kabisa. Mwenge kata kulia Sam Nujoma, vuka Ubungo kwenye barabara za juu za Kijazi, nyoosha Mandela hadi TAZARA, kisha kulia. Na kwa anayeishi Wazo au Madale ipo lami ya Madale, Goba, Makongo hadi Chuo cha Ardhi, inakutoa Sam Nujoma bila kuigusa Barabara ya Bagamoyo. Ina milima na kona, usiiendeshe kwa pupa, lakini kwa wa Ubungo na uwanja wa ndege inasaidia kweli.

Njia uliyoichagua iandike kwenye karatasi, pamoja na ya pili. Kisha jiwekee sehemu moja ya kuamua. Yangu ni Lugalo: nikifika pale nikaona taa nyekundu za nyuma ya magari zimepangana mpaka kilimani, naingia Kawe. Zikiwa zinasogea, nanyoosha. Ukishapita Lugalo, acha kubadili mawazo. Wanaopoteza muda mwingi zaidi ni wale wanaochepuka mara tatu.

Mvua ikinyesha

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mvua ya usiku kucha inabadilisha mpango wote. Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa kabisa. Mkwajuni kwenye Kawawa nayo ni bondeni. Njia ya Kariakoo niliyoitaja hapo juu siku hiyo ifute. Pita Salenda, zungukia Upanga.

Maji yakiwa yamefunika lami na huoni ukingo, usiingie. Usitazame gari kubwa lililopita, hilo lina tairi ndefu kuliko zako. Mahali maji yanapotembea, hata ya kufika magotini yanaweza kulisukuma gari dogo. Geuza, rudi nyumbani, piga simu kliniki uombe siku nyingine. Hakuna miadi yenye thamani ya maisha ya uliowabeba.

Barabarani

Kwenye foleni weka nafasi ya kutosha kuona tairi za nyuma za gari lililo mbele zikigusa lami. Nafasi hiyo itakusaidia kutoka likizimika. Makutano usiyazibe hata kama taa ni ya kijani, kama mbele hakuna pa kusimama subiri, wanaotoka pembeni nao wana wagonjwa. Asubuhi kwenye makutano makubwa afande husimama katikati akiita magari kwa mkono. Hapo mfuate yeye, taa iache. Ataweza kuzuia upande wako dakika kumi au zaidi, na msafara wa kiongozi ukipita ni zaidi ya hapo. Zima kiyoyozi, fungua vioo, tazama mshale wa joto.

Kila mara kabla ya kuhama njia tazama saiti mira zote mbili, kisha geuza shingo. Bodaboda anapita katikati ya magari yaliyosimama, na abiria wake mara nyingi hana kofia. Mlango usiufungue kabla ya kutazama nyuma. Waambie na uliowabeba, hasa wazee, wasubiri mpaka wewe ushuke uwafungulie upande wa kando ya barabara.

Kwenye pundamilia simama kabisa, gari likiwa limetulia. Barabara ya Bagamoyo ina shule nyingi, na saa 12 asubuhi watoto wa darasa la kwanza wanavuka wenyewe, mkubwa kamshika mdogo mkono. Gari la njia ya pili huenda lisimuone mtoto kwa sababu wewe umemkinga, kwa hiyo washa taa za dharura unapompisha. Penye kibao cha 50 nenda 50, kwani tochi za trafiki hukaa palepale barabara inapofunguka na mguu unapokuwa mwepesi. Njia ya mwendokasi usiingie hata ikiwa tupu.

Maegesho

Amua utaegesha wapi kabla hujatoka nyumbani. Ukiwa na mgonjwa au mzee, mshushe kwanza mlangoni akiwa na mtu wa kumsindikiza, kisha ndipo utafute pa kuegesha. Safari ya mgonjwa inahitaji watu wazima wawili, hili nalisema kwa msisitizo wote. Nilipokuwa peke yangu nilimwacha mama amesimama juani akishikilia nguzo ya geti nikizunguka mtaa mara nne.

Maegesho ya kando ya barabara yako chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Mhudumu anasajili namba ya gari lako kwa mashine, wala hakuachii karatasi kila mara. Kwa hiyo ukirudi ukakuta hakuna risiti usidhani umeegesha bure. Deni limeshaingia kwenye namba ya gari. Lilipe kwa simu siku hiyohiyo, kwani likikaa linaongezeka. Fedha mkononi usimpe mtu. Posta kuna pia majengo yenye maegesho ya ndani ya kulipia. Kwa kazi ya zaidi ya saa tatu mimi huona yanafaa zaidi, gari linakaa kivulini na halizibwi. Vitu vyote ondoa vitini, hata mfuko mtupu, kioo kikivunjwa hasara ni yako. Piga picha kibao cha mtaa ulipoegesha.

Kurudi

Foleni ya kurudi Tegeta huanza kuivimbisha Salenda kuanzia saa 9:30 alasiri na haipungui mpaka saa 2 usiku. Ukishindwa kuondoka kabla ya saa 9, usikimbilie barabarani saa 11 jioni ukiwa umechoka na una njaa. Mpeleke mgonjwa kwa ndugu wa karibu apumzike, mle, msali, mtoke saa 2:15 usiku. Mtafika nyumbani karibu saa ileile ambayo mngefika mkitoka saa 11, na yeye atakuwa amelala kitandani badala ya kukaa amekunja magoti.

Ukishaegesha nyumbani, kabla ya kushuka, andika nyuma ya karatasi ileile: saa uliyotoka, saa uliyopita Lugalo, saa uliyopita Salenda, saa uliyozima gari. Iweke kwenye droo ya gari. Mama ana kliniki nyingine baada ya wiki sita, na karatasi hiyo ndiyo nitakayoitoa kwanza.